Hivi kweli kwenye Titanic kulikuwa na mtu mweusi? Mwenye kumjua huyu Laroche anisaidie

NgongonaBoy:
Wakuu habari za jioni, poleni na vumbi.

Nipo hapa Ng'ong'ona, nasoma mambo ya takwimu, tumepewa zoezi la ile dataseti ya abiria wa Titanic, walioipitia wanaijua, faili la watu 891 lina jina, umri, daraja, nauli, alipopandia na kama alipona au hakupona. Sasa juzi umeme ukakatika tukawa tunapiga stori geto, mshkaji mmoja akatoa vidio kwenye simu yake inasema mwanaume mweusi kwenye Titanic nzima alikuwa mmoja tu, Mhaiti anaitwa Joseph Laroche, eti mtoto wa rais, eti alikuwa daraja la kwanza, eti aligoma kupanda boti. Pakawaka hapo. Nusu ya geto wanasema hizo ni stori za kutafuta viewazi, kila kikubwa kikitokea kwa wazungu lazima tumtafute mtu wetu mmoja tumchomeke.

Mi nikafungua leptopu ikiwa na chaji ya kuombea Mungu, nikatafuta Laroche. Yupo! Mwanaume, miaka 25, daraja la pili, kapandia Cherbourg, nauli 41.5792, hakupona. Kuna Laroche mwingine mwanamke miaka 22 kapona, na katoto ka kike miaka 3 kamepona. Ila sasa faili halina safu ya rangi, kwahiyo ubishi ndo kwanza ukapamba moto, wanasema Laroche ni jina la Kifaransa, huyo ni mzungu wa kawaida tu tulale.

Naombeni mwenye kujua aniambie, alikuwa nani, alifikaje kwenye ile meli, na familia yake iliishia wapi. Alafu hiyo nauli ya pauni 41 mbona kubwa hivyo, wenzie wengi wa daraja la pili naona wamelipa 13.

MzeeWaMakole:
Watu wa Dodoma mnabishania bahari wakati hata bwawa la Hombolo wengine hamjawahi kuliona 😂 Haya, naweka mkeka hapa nisubiri wajuzi.

Mwl_Mpwapwa:
Mwanangu NgongonaBoy, waambie wenzako huyo bwana ni mweusi na ni wa kweli kabisa, picha ya familia yake ipo, yeye, mke na watoto wawili. Nimefundisha historia miaka mingi, huyu mtu ni mmoja wa wale niliowapenda, kwahiyo mnivumilie nitaandika kirefu.

Jina kamili Joseph Philippe Lemercier Laroche, kazaliwa 26 Mei 1886 Cap-Haïtien, kaskazini ya Haiti. Na Haiti msiichukulie poa kwa hali yake ya sasa, ile ndo jamhuri ya kwanza ya watu weusi duniani, walimng'oa Mfaransa kwa vita wakatangaza uhuru 1804, sisi huku bado hata Mjerumani hajafika. Kwao Joseph walikuwa na uwezo. Akiwa na miaka 15, mwaka 1901, wakampeleka Ufaransa kusoma, akasomea uinjinia mji wa Beauvais.

Huko ndo akakutana na Juliette Lafargue, binti wa Villejuif, pembeni tu ya Paris. Baba wa binti alikuwa mgane anauza mvinyo (hapo watu wa zabibu mngeelewana naye haraka). Wakaoana Machi 1908. Mtoto wa kwanza Simonne kazaliwa Februari 1909, wa pili Louise Julai 1910, na Louise alizaliwa njiti akawa mtoto wa kuumwa umwa.

Sasa hapa ndo penye stori. Joseph ana cheti chake cha uinjinia mkononi, anaongea Kifaransa cha kuzaliwa nacho, ila kila anapoenda kuomba kazi anaambiwa we bado kijana, huna uzoefu, na akipewa kazi analipwa kiduchu kuliko wenzie. Rangi hiyo. Na huku kuna mtoto wa dawa na daktari kila mara. Akaona isiwe tabu, bora arudi kwao ambako mainjinia wanatafutwa, isitoshe mjomba wake Cincinnatus Leconte ndo rais wa Haiti tangu Agosti 1911. Kwahiyo "mtoto wa rais" ni chumvi ya vidio, alikuwa mpwa wa rais.

Walikuwa hawana haraka, walipanga kuondoka baadaye mwaka huo wa 1912. Machi Juliette akajigundua ana mimba ya tatu, wakasema tuwahi kabla tumbo halijamzidi. Mama yake Joseph kule Haiti akafurahi, akawapa zawadi ya tiketi za daraja la kwanza kwenye meli mpya ya Wafaransa iliyoitwa France. Ndo wakaja kusikia utaratibu wa ile meli, kwamba watoto hawali meza moja na wazazi wao, wanabaki chumba cha watoto. Wewe una mtoto kama Louise, usiku mmoja anaweza kukugeukia, utakubali akalishwe na mtu usiyemjua ghorofa nyingine? Wakagoma. Wakabadilisha zile tiketi wakachukua daraja la pili kwenye meli ya Waingereza, nayo mpya vilevile. Ndo hiyo Titanic. Ile France ilianza safari yake ya kwanza 20 Aprili 1912, ikabeba watu salama mpaka ikaja kukatwa chuma chakavu miaka ya 1930.

Walipandia Cherbourg 10 Aprili jioni, Titanic ilikuwa kubwa mno haikuweza kusogea gatini, abiria wakapelekwa na meli ndogo. Kesho yake Juliette akamwandikia baba yake barua, ikashushwa Queenstown kule Ireland kabla hawajaingia bahari kuu. Hiyo barua haikupotea. Anasema chakula kizuri, bahari imetulia, anaandika huku wanamuziki wanapiga pembeni, na Simonne amepata rafiki, mtoto wa Kiingereza kamuazima mdoli wake wanacheza. Mi nikisoma hapo kwenye mdoli huwa naacha kwanza nafanya kazi nyingine.

Usiku wa tarehe 14, saa 5 na dakika 40, ikagonga mwamba wa barafu. Saa 8 na dakika 20 ikawa chini. Juliette na mabinti wakaingia boti, Joseph akabaki. Mwili wake haukutambuliwa. Alikuwa hajafikisha miaka 26.

Takwimu_Mtumba:
Mwalimu shikamoo, umemaliza kila kitu. Mi naongezea upande wa data maana dogo kauliza nauli.

Dogo, hilo ndo kosa la wengi kwenye faili hilo. Nauli iliyoandikwa pale ni ya tiketi nzima sio ya mtu mmoja. Angalia safu ya tiketi, akina Laroche wote wana namba moja, SC/Paris 2123, kwahiyo hizo pauni 41 na ushee ni za familia yote ya watu wanne. Usipogawa, modeli yako, yani ile hesabu ya kukisia nani alipona, itadhani hao ni matajiri waliokosea daraja. Na utakuta umeona Laroche watatu tu, wa nne ndo Louise, yeye yuko kwenye lile faili jingine la majaribio ambalo safu ya kupona haipo, mnaachiwa mkisie wenyewe. Yani mtu aliyeishi mpaka 1998 nyie mnamkisia kama alitoka kwenye maji 😅

Hilo la kugoma boti futeni kabisa. Chukua mahesabu ya uchunguzi wa Waingereza wenyewe: wanaume watu wazima wa daraja la pili walikuwa 168, waliopona 14. Hiyo ni asilimia 8. Daraja la tatu, ambao kila mtu anajua waliminywa, wanaume wao 462 walipona 75, asilimia 16. Daraja la kwanza 175 wakapona 57. Kwahiyo mwanaume wa daraja la pili ndo alikuwa na nafasi mbaya kuliko wote melini, mweupe au mweusi. Boti zilikuwa 20, zinaingiza watu 1,178 tu, na melini kulikuwa na watu kama 2,200, na upande aliokuwepo ofisa mmoja aliyesimamia kushusha boti wanaume walizuiwa hata kama kuna nafasi. Huyo Joseph hakuhitaji kugoma, asingeachwa apande.

MbishiWaMajengo:
Haya sasa mi ndo nakuja na swali la ubishi. Mnasema ubaguzi ulimuua. Ubaguzi gani hapo? Kapewa tiketi ya daraja la kwanza kwenye meli iliyofika salama, kairudisha mwenyewe kwa sababu ya nani atamlisha mtoto. Angekubali watoto wale na mayaya siku hizo chache angefika Haiti akawa waziri kwa mjomba. Tusisukumie kila kitu kwenye rangi jamani, mtu kafanya uamuzi wake.

Mwl_Mpwapwa:
Kaka hakuna aliyesema ubaguzi ulimuua, barafu ndo ilimuua. Ila jiulize alikuwa anaenda wapi na kwa nini. Mtu ana mke, ana watoto, ana ukwe, ameshaishi Ufaransa zaidi ya miaka kumi. Angepata mshahara wa injinia mwenzie mzungu angekuwa Paris anakunywa kahawa mwezi huo wa Aprili. Na hilo la kuzuia watoto wasile mbali na wewe, we mwenyewe una watoto?

MbishiWaMajengo:
Ninao watatu mwalimu. Nimeelewa. Ila ubishi sijauacha.

Mwl_Mpwapwa:
Ubaki nao tu 😂

Haya, familia. Meli ya Carpathia iliwaokota waliokuwa kwenye boti, watu 700 na kidogo, ikawafikisha New York tarehe 18 Aprili. Juliette hakuendelea na safari ya Haiti, angeenda kufanya nini bila mume. Mwezi Mei akarudi Villejuif kwa baba yake, mjane wa miaka 22, watoto wawili mkononi na mmoja tumboni. Desemba 1912 akajifungua mtoto wa kiume, akampa jina la baba yake, Joseph.

Na sikilizeni hii. Agosti hiyo hiyo ya 1912 ikulu ya Haiti ililipuka, rais Leconte akafia humo. Kwahiyo hata wangefika salama, ule mgongo wa mjomba waliokuwa wanautegemea ungedumu miezi minne tu. MbishiWaMajengo ule uwaziri wako ndo huo.

Maisha yalikuwa magumu kwa yule mama, vita ya kwanza ya dunia ikaja juu yake. Fidia ilikuja 1918, faranga 150,000, akafungua biashara ya kutia rangi vitambaa akalea watoto wake kwa hiyo. Hakuolewa tena. Alifariki Januari 1980 akiwa na miaka 90. Simonne alitangulia kabla ya mama yake, 1973. Louise, yule njiti ambaye ugonjwa wake ndo uliwafanya wabadilishe meli, ndo aliishi kuliko wote, kafariki Januari 1998 akiwa na miaka 87, mmoja wa manusura wa mwisho wa Titanic.

NgongonaBoy:
Mwalimu shikamoo, na asante sana, nimeisoma yote kwa sauti geto, wale wabishi wametulia. Mmoja kahamia upande mwingine sasa anauliza mbona hatukufundishwa. Takwimu_Mtumba nimegawa nauli kwa idadi ya waliomo kwenye tiketi, kweli picha imebadilika, ubarikiwe kaka.

Swali la mwisho, ni kweli hakukuwa na mtu mwingine asiye mzungu?

Takwimu_Mtumba:
Walikuwepo. Abiria kadhaa wa daraja la tatu walitoka upande wa Syria na Lebanon ya sasa. Na kulikuwa na Wachina 8, mabaharia walioenda kupanda meli nyingine ya kazi, 6 wakapona. Hao 6 walipofika New York hawakuruhusiwa hata kukaa, Marekani ilikuwa na sheria ya kuzuia Wachina, siku ya pili tu wakapakiwa kwenye meli nyingine wakaondoka. Wenzao wanapokelewa na mablanketi na waandishi wa habari. Laroche anatajwa kama mwanaume pekee mweusi anayejulikana kati ya abiria.

ReliYaKati:
Mi nimesoma huu uzi toka juu mpaka hapa na nina jambo langu, sijui kama ni mahali pake ila niacheni niliseme.

Kinachonishangaza kwa huyu Laroche sio kwamba alikuwa mweusi, ni kwamba mpaka namba ya tiketi yake ipo. Mi baba yangu mkubwa alikuwa mtu wa Manyoni, kazi yake asali, anaifuata kule Itigi porini kwa warina, anajaza madebe, anapanda treni usiku pale Manyoni mpaka Mwanza, anavuka na meli mpaka Bukoba, anauza kwa wenye magenge na mama lishe, akirudi anakuja na ndizi na kahawa zile za kutafuna ambazo sisi watoto tulikuwa tunazitema nyuma ya nyumba asione, maana ukizitema mbele yake anakasirika kwamba umetema heshima. Mwaka 1996 mwezi wa 5 alikuwa anarudi. MV Bukoba ilitoka Bukoba ikapitia Kemondo, asubuhi ya tarehe 21 ikiwa imeshakaribia Mwanza ikapinduka. Tulisikia redioni, Rais Mkapa akatangaza siku tatu za maombolezo, na nyumbani watu bado wanasema huenda alichelewa meli, huenda kabaki Bukoba kudai hela yake, yule mzee alikuwa anadai sana.

Hakubaki. Mwenzie wa biashara aliyekuwa Mwanza anamsubiri ndo aliyetuma neno. Ila mkiniuliza jina lake liko wapi, halipo. Daraja la tatu hawakuwa na orodha, watu walikata tiketi wakapanda basi, na meli ilijaza kupita uwezo wake. Inatajwa watu zaidi ya 800 walikufa, wengine wanasema ni zaidi ya hapo, na kila nikisikia hiyo "zaidi ya" najua baba mkubwa yupo humo humo ndani ya neno hilo. Alafu mnajua lile limeli lilibaki tumbo juu watu wanagonga kutoka ndani, waokoaji wakatoboa bodi ili wawatoe, hewa ikatoka na lenyewe likazama. Wazee nyumbani walikuwa wakifika hapo kwenye maongezi wanaongelea mvua.

Tulianua matanga bila mwili. Kilichobaki kwake ni daftari, kaunta buku la kawaida, gamba lina mafuta ya asali mpaka leo linanata ukilishika, ndani kaandika kwa penseli wote anaowadai, "Mama Sofa debe nusu", "fundi baiskeli wa Kashai chupa 3", na wengine kawachora alama ya vema wameshalipa. Kwahiyo wadeni wake wote wana orodha, yeye ndo hana.

MzeeWaMakole:
Pole sana ndugu yangu ReliYaKati. Nilianza na utani huko juu, sasa niseme la maana. Na sisi wa Dodoma tusijione tuko mbali na haya kwa sababu hatuna ziwa. Igandu 24 Juni 2002, treni ya abiria ilishindwa mlima ikarudi nyuma kwa kasi ikaenda kugonga treni ya mizigo, wakafa watu zaidi ya 280. Hiyo "zaidi ya" yako na huku ipo, kuna watu walizikwa hapa mjini bila kutambuliwa. Nilikuwa kijana wakati ule nikaenda kusaidia, mtu anakuja anatafuta ndugu yake kwa rangi ya soksi.

Mwl_Mpwapwa:
ReliYaKati hapa ni mahali pake kabisa mwanangu. Lile daftari lipige picha kurasa zote, leo, usisubiri. Penseli inafifia. Na kaeni na wazee waliobaki mwandike, alizaliwa lini, alisoma wapi, warina wake walikuwa akina nani. Hizo habari za akina Laroche zisingetufikia kama yule mama na wale mabinti wasingetunza barua na picha ndani ya nyumba yao miaka yote ile.

ReliYaKati:
Asante mwalimu, daftari liko kwa binti yake mkubwa Singida, wikiendi nitampigia. Hivi Igoma pale Mwanza kwenye makaburi ya MV Bukoba mtu anaweza kwenda tu au mpaka kibali? Kwetu hakuna hata mmoja aliyewahi kufika.

MsukumaWaMjini:
Kaka Igoma unaenda tu, hakuna kibali. Iko barabara ya Musoma, ukishuka Nyegezi stendi chukua daladala za Igoma, mwambie konda akushushe makaburi ya MV Bukoba, kila mtu anapajua. Kuna mnara. Kila mwaka 21 Mei watu wanakusanyika, ukija tarehe hiyo utakutana na familia nyingine na wengine ni manusura wenyewe, waulize kuhusu mzee wa asali kutoka Manyoni, madebe ya asali kwenye meli hayajifichi, unaweza kushangaa mtu akamkumbuka. Ukiwa unakuja nichek inboksi nikupokee.

MbishiWaMajengo:
Nauli ya treni mpaka Mwanza mi nachangia. Hapa sibishi. ReliYaKati weka namba inboksi.